Deiwaka wa Detroit

Mwaka jana, katika kikao chetu kimoja cha tafsiri cha Ijumaa jioni, tulikwama kwenye neno moja. Makala tuliyokuwa tukiitafsiri ilimtaja mwanamuziki asiye na bendi yake. Anaitwa studio, anapiga besi kwa saa tatu, analipwa, anaondoka. Kesho yake anapanda basi na mwimbaji mwingine, anazunguka naye miji ishirini, kisha anarudi nyumbani kusubiri simu ilie. Kiswahili chake ni nini? Mwenzetu wa Mombasa alipendekeza "mpigaji wa kukodiwa". Mwenzetu wa Lubumbashi akasema "mwanamuziki msaidizi", tukamcheka kidogo, maana wimbo wenyewe usingekuwepo bila huyo msaidizi. Ndipo mwenzetu aliyekulia Kinondoni, ambaye siku zote hukaa karibu na birika la chai, akasema bila hata kuinua kichwa: "Huyo ni deiwaka."

Wasomaji waliokulia Dar es Salaam hawahitaji maelezo. Deiwaka ni kibarua wa siku, na katika dunia ya dansi ni mpiga chombo anayepanda jukwaani na bendi isiyo yake, kwa malipo ya usiku ule. Mwalimu wetu alilipenda neno lakini akatutega. Je, linamfaa mtu aliyepiga katika studio moja miaka kumi mfululizo? Tukaahidi kulijibu swali hilo gazetini. Kwa kuwa Detroit tunaifikia kwa basi ndani ya saa chache, tuliwachagua wanamuziki waliopiga nyimbo za Motown, waliojiita wenyewe Funk Brothers, yaani akina kaka wa fanki.

Tuanze na jengo, maana tulikwenda kuliona. Ni nyumba ya kawaida ya ghorofa moja, namba 2648, West Grand Boulevard. Berry Gordy alianzisha kampuni yake Januari 1959 kwa mkopo wa dola 800 kutoka mfuko wa akiba wa familia yake (mtu wa kwetu angesema alipewa zamu yake ya upatu), na mwaka huohuo akainunua nyumba hiyo na kuibandika jina la Hitsville U.S.A. Sasa ni makumbusho. Studio yenyewe iko nyuma, unateremka ngazi chache, na wanamuziki waliiita shimo la nyoka kwa sababu ya nyaya zilizoning'inia kutoka darini. Tulikuwa watu kumi na wawili na tukabanana. Mle ndani waliingia piano, ogani, drams, magita matatu, besi, matari na bongo, na mara nyingine tarumbeta na saksafoni juu yake.

Lakini kabla ya shimo hilo kulikuwa na barabara. Takriban kila mmoja wao alikuwa mtu wa safari. Joe Hunter, mpiga piano aliyekuwa kiongozi wao wa kwanza, alizunguka na Hank Ballard na kundi lake la Midnighters. Earl Van Dyke, aliyempokea uongozi katikati ya miaka ya 1960, alisafiri na Lloyd Price. James Jamerson, mpiga besi, alisafiri na Jackie Wilson. Huyu Jamerson alizaliwa mwaka 1936 katika kisiwa cha Edisto, Carolina Kusini, akahamia Detroit mwaka 1954, na besi alijifunzia shuleni, ile kubwa ya mbao inayosimama kama mtu.

Maisha ya barabarani kwa mwanamuziki Mweusi wa Marekani miaka hiyo hayakuwa utalii. Unapiga leo Georgia, kesho Alabama, na katikati hapo hoteli nyingi hazikupokei, na choo cha kituo cha mafuta si chako. Mwishoni mwa mwaka 1962 Gordy aliwapakia waimbaji wake karibu wote kwenye msafara mmoja ulioitwa Motortown Revue, ukazunguka majimbo ya Kusini. Bendi ya safari iliongozwa na mpiga saksafoni Choker Campbell. Waliokuwa ndani ya basi wamesimulia jinsi lilivyopigwa risasi huko Alabama. Novemba mwaka huo gari dogo la msafara lilipata ajali. Dereva, Eddie McFarland, alifariki, na Thomas "Beans" Bowles, mpiga filimbi na saksafoni aliyekuwa pia msimamizi wa safari, akavunjika vibaya. Tunamtaja Bowles kwa makusudi. Mtu aliyeajiriwa kupulizia wengine nyimbo zao ndiye huyohuyo aliyetunza fedha za milangoni. Deiwaka hufanya lililopo.

Kuna rekodi moja ya mwaka 1962 iliyotushangaza zaidi ya nyingine zote. Stevie Wonder, akiwa na miaka kumi na miwili, anapiga "Fingertips" mbele ya watu katika ukumbi wa Regal, Chicago. Anaaga, muziki unakwisha, bendi inaanza kupishana ili imsindikize Mary Wells anayefuata. Mara mtoto anarudi jukwaani na kuanza upya. Mpiga besi wa zamu ya Mary Wells, ambaye ndiyo kwanza ameshika nafasi yake, anasikika akipiga kelele kuuliza wimbo uko katika ufunguo gani. Hakuna aliyeikata sauti hiyo. Sahani ilitoka hivyohivyo na mwaka 1963 ikashika namba moja Marekani nzima. Ni mara chache sana katika sahani za Motown kumsikia mtu wa kukodiwa akisema neno, na neno lenyewe ni swali la kazi.

Mpangilio mpya ulikuja polepole. Gordy aligundua kwamba waimbaji wanaweza kwenda safari na bendi nyingine, ila mlio wa studio haubadilishiki kirahisi. Kwa hiyo walio bora zaidi walizuiwa nyumbani. Mwanzoni malipo yalikuwa kati ya dola 5 na 10 kwa wimbo, hata kama wimbo ulikula mchana kutwa. Baadaye Van Dyke, Jamerson na mpiga drams Benny Benjamin waliwekewa malipo ya kila wiki ili wasivutwe na wengine. Studio ilifunguliwa saa ishirini na mbili kwa siku. Watayarishaji, mathalani wale ndugu wawili Brian na Eddie Holland pamoja na Lamont Dozier, mara nyingi waliingia na karatasi yenye kodi chache tu, wakaimba kidogo walichokuwa nacho kichwani, na wengine wote wakajaza. Katika muda wa saa tatu zilikamilika nyimbo kadhaa, wakati mwingine bila mwimbaji kuwepo na bila wapigaji kujua wimbo utaitwaje.

Jamerson alifanya hayo kwa kidole kimoja. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia ndicho kilichokwanyua nyuzi zote, na wenzake wakakiita ndoana. Nyuzi za gita lake la besi, Fender la mwaka 1962, alikuwa habadilishi mpaka ikatike. Alisema uchafu ule ndio unaoufanya muziki uwe muziki. Wapiga besi wa Chama chetu, nao ni wawili tu, walibishana juu ya jambo hili njia nzima ya kurudi. Wasiopiga besi wanaweza kulipima kwa njia nyepesi: tafuteni wimbo wowote wa Motown wa mwaka 1966 au 1967, msiusikilize uimbaji, fuateni sauti ya chini peke yake. Mtakuta wimbo wa pili umejificha humo.

Usiku walikwenda kupiga walichokipenda, nacho kilikuwa jazi. Chit Chat Lounge, kwenye mtaa wa Twelfth, ndipo Van Dyke na wenzake walipocheza mpaka usiku wa manane, na vipande vingi vilivyozaliwa pale usiku viliibuka studio asubuhi. Baadhi yao walisaini na Motown kwa sababu Gordy alikuwa na lebo ya jazi, Workshop Jazz, wakitumaini kurekodi kwa majina yao. Lebo hiyo ilikufa ndani ya miaka michache. Van Dyke alipopata albamu yake mwaka 1965, alitakiwa apige ogani juu ya midundo ya nyimbo zilezile za waimbaji ambazo yeye na wenzake walikwisha kuzirekodi. Tumeisikiliza. Ogani ni nzuri, lakini unamsikia mtu aliyekaribishwa chumba cha wageni ndani ya nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Hapa swali la mwalimu linaanza kubana. Deiwaka wa kweli ana uhuru mmoja: akilipwa leo, kesho ni yake. Hawa walikatazwa. Mwishoni mwa 1961, kabla kamba haijakazwa, Hunter, Jamerson na Benjamin walikuwa wamekwenda Chicago wakampigia John Lee Hooker wimbo "Boom Boom", na hapakuwa na neno. Kufikia katikati ya muongo, kupiga nje lilikuwa kosa la kutozwa faini. Wakaendelea kwa kujificha. "Cool Jerk" ya kundi la Capitols, mwaka 1966, ni wao. "Higher and Higher" ya Jackie Wilson, mwaka 1967, pia ni wao, waliponyoka kwenda Chicago na kurudi kabla hawajaulizwa. Sisi ambao wazazi wetu walikuwa na kazi mbili, moja ya cheti na nyingine ya jioni isiyosemwa, tunaielewa hali hii bila tanbihi.

Tulipojadili hili, mwenzetu wa Kinondoni alitukumbusha NUTA Jazz. Bendi hiyo iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi cha Tanganyika. Wanamuziki walipata mshahara wa mwezi, na vyombo vilikuwa mali ya chama, hivyo aliyehama aliacha gita ukutani. Ulinganisho una kasoro zake, kwa kuwa NUTA ilikuwa taasisi ya umma na Motown mali ya familia moja. Hata hivyo kuna tofauti nyingine tuliyoiona kubwa zaidi. Katika nyimbo zetu za dansi si ajabu kumsikia mwimbaji akimwita mpiga solo kwa jina kabla hajaanza kucharaza. Redio ikipiga wimbo, mtoto wa Tabora anamjua mpiga gita ambaye hajawahi kumwona. Jina limo ndani ya sauti. Katika sahani za Motown jina halikuwa ndani ya sauti, na mpaka mwaka 1971 halikuwa hata kwenye jalada.

Safari moja ya nje ya nchi inaonyesha walivyogawanywa. Machi 20, 1965 msafara wa Motown ulifungua ziara ya Uingereza katika ukumbi wa Finsbury Park Astoria, London. Walikuwepo Supremes, Miracles, Martha and the Vandellas na Stevie Wonder, na nyuma yao wote watu sita wa Earl Van Dyke, akiwemo Robert White kwenye gita, Uriel Jones kwenye drams na Jack Ashford mpiga matari. Maonyesho mawili kwa usiku, waimbaji wanapokezana, bendi haitoki. Nje ya London viti vingi vilibaki vitupu. Ziara ilipokwisha walivuka wakapiga Olympia, Paris, na tamasha hilo likawa sahani. Besi ilishikwa na Tony Newton, kijana ambaye hajafikisha miaka ishirini. Jamerson alibakizwa Detroit, kwa sababu studio haikuweza kulala. Hivyo basi vijana wa Uingereza waliozinunua sahani kwa ajili ya besi ile walilipa kiingilio na hawakumwona aliyeipiga, na yeye hakuwaona wao.

Sasa tufike kwenye fedha, maana wengi huuliza hapa. Wimbo "My Girl" wa Temptations, ulioshika namba moja Machi 1965, unaanza na gita la Robert White likipanda ngazi sauti moja moja. Hata asiyejua Kiingereza anautambua kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Lakini sheria ya hakimiliki humtambua aliyetunga maneno na lahani, naye analipwa mrabaha kila wimbo unapouzwa na kupigwa. Kipande cha gita alichokibuni mpigaji palepale studio huhesabiwa kuwa sehemu ya kazi ya siku ile. White alilipwa siku ile. Basi.

Mwaka 1971 Marvin Gaye alitoa "What's Going On", na kwenye jalada akaandika majina ya wapigaji. Jamerson aliwekewa na sifa ya mtu asiye na mfano. Inasimuliwa kwamba Gaye alimfuata klabuni usiku, akamleta studio amelewa hata kukaa kitini hawezi, na besi ya wimbo ule aliipiga akiwa amelala chali sakafuni. Hadithi hii husimuliwa kwa kicheko. Sisi hatukucheka sana. Benny Benjamin alikuwa amefariki mwaka 1969, baada ya miaka ya pombe na dawa za kulevya na visingizio vya kuchelewa, na Jamerson alikuwa kwenye njia ileile.

Mwaka uliofuata, 1972, Motown ilihamia Los Angeles. Wanamuziki wamesimulia kwamba hawakuitwa kwenye kikao wala kuandikiwa barua. Walikuja kazini wakakuta karatasi mlangoni inayosema leo hakuna kazi. Baadhi walifuata magharibi kwa nauli zao. Van Dyke alibaki, na kwa miaka mingi akafundisha muziki katika shule za Detroit hadi kufariki mwaka 1992. Jamerson alihama, lakini Los Angeles watayarishaji walitaka mlio mpya na nyuzi mpya, naye hakukubali kubadilisha nyuzi. Machi 1983 kampuni ilipofanya sherehe ya kutimiza miaka ishirini na mitano mbele ya kamera za televisheni, alinunua tiketi na kukaa huko juu nyuma na watazamaji wengine. Agosti 2 mwaka huohuo alifariki, akiwa na miaka 47. Muda mfupi kabla ya hapo besi yake ya mwaka 1962 iliibwa.

Kwa wanafunzi wa historia jambo linaloumiza kichwa ni ushahidi. Mikataba ya chama cha wanamuziki ndiyo huwaambia watafiti nani alipiga nini, tarehe gani. Kazi nyingi za miaka ya mwanzo pale Detroit hazikupitia chama, na majalada yalikuwa kimya, kwa hiyo yaliyobaki ni masikio na kumbukumbu. Ndiyo sababu mpiga besi wa Los Angeles, Carol Kaye, aliposema kwamba baadhi ya besi zinazohesabiwa kuwa za Jamerson alizipiga yeye, ubishi uliwaka na haujazimika mpaka leo. Wengi waliowahi kuwemo studio wanampinga. Motown, hata hivyo, kweli ilirekodi baadhi ya mambo Los Angeles hata kabla ya kuhama. Jina lisipoandikwa siku ya kwanza, miaka hamsini baadaye kila mwenye haki na asiye na haki wanasimama mlango mmoja.

Allan Slutsky alitoa kitabu juu ya Jamerson mwaka 1989, na mwaka 2002 kikazaa filamu, "Standing in the Shadows of Motown". Filamu inadai kwamba kundi hili lilipiga nyimbo namba moja nyingi kuliko Beatles, Rolling Stones, Beach Boys na Elvis wakijumlishwa pamoja. Hesabu hiyo hatuikubali hivihivi. Elvis alihesabiwa kama mwimbaji, hawa wanahesabiwa kama wapigaji. Wapigaji wa Elvis nao hesabu yao iko wapi? Dai hilo linatumia mizani ya mastaa kuwapima watu ambao thamani yao ilikuwa mahali pengine. Lakini bila filamu hiyo tusingekuwa na sauti zao, nazo ziliwahi dakika za mwisho. Mpiga drams Richard "Pistol" Allen alifariki mwaka huohuo wa 2002 kabla filamu haijaanza kuonyeshwa, na mpiga kinanda Johnny Griffith akafuata Novemba, siku zilezile ilipokuwa ikiingia kwenye kumbi.

Robert White hakuifikia kabisa, alifariki mwaka 1994. Slutsky amesimulia walivyokuwa wakila pamoja mgahawani, "My Girl" ikaanza kupigwa kwenye spika. White akachangamka, akamgeukia mhudumu kumwambia jambo, kisha akanyamaza na kuagiza chakula chake. Alipoulizwa, alijibu kwamba kijana yule angemwona mzee mpumbavu.

Kikao chetu hakikukubaliana. Wengine wanashikilia kwamba deiwaka ni neno sahihi, kwa kuwa linataja mkataba na halijifichi nyuma ya heshima. Wengine wanasema deiwaka huchagua usiku wake, na hawa hawakuchagua, basi waitwe wafanyakazi tu. Katika tafsiri yetu tumeandika deiwaka, na mwalimu ameiacha bila wino mwekundu.

Waliobaki walirudi barabarani baada ya filamu, wazee wa miaka sitini na sabini, Marekani na Ulaya, safari hii wakiwa wao ndio wenye jina kwenye bango. Katika onyesho la mwisho ndani ya filamu yenyewe zinaletwa jukwaani picha kubwa za wenzao waliotangulia, Jamerson, Benjamin, White, Van Dyke na wengine, zikawekwa palepale walipo wapigaji, na muziki ukaendelea.